Kartushi tatu ku Commodore moja: vile nilifanya zikubali kukaa pamoja

Nianze na kitu chenye watu wengi hawapendi kusikia: ile bodi ya sloti nyingi yenye unachomeka nyuma ya Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 80, haiondoi migongano, inaikusanya tu pahali pamoja. Sloti ziko nne, sawa, lakini waya ni zilezile, za sloti ya kwanza zimeungana na za pili, za pili na za tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kila kartushi, yaani kile kisanduku cha chipu chenye unachomeka kuipa mashine kazi mpya, inasikia kila kitu chenye mashine inasema na kila moja inaweza kujibu. Zikijibu mbili kwa mara moja, bwana, hapo njo utaona maajabu: skrini nyeusi, ao herufi zinajaa kama mchwa, ao mashine inawaka vizuri kabisa halafu inakufa wakati wewe unaamini imepona.

Mashine yangu niliachiwa na baba mkubwa. Alisoma Liège miaka ya 80, akarudi nayo hapa Lubumbashi pamoja na drivu ya disketi ya 1541 na kartushi kadhaa. Miaka mingi ilikaa juu ya kabati kule Katuba, na vumbi yetu nyekundu munaijua, inaingia hata ndani ya chupa yenye kifuniko. Nyumbani walikuwa wanaamini ile mashine haina rangi, kumbe televizioni zetu za zamani zilikuwa za SECAM na mashine ni ya PAL, mifumo miwili ya rangi yenye haielewani, kwa hiyo watoto wote wa ile parsele walicheza magemu ya rangi 16 kwa nyeusi na nyeupe. Siku niliiunga ku televizioni ya sasa na kebo ya video, mama mdogo alisimama pale mlangoni akauliza kama nimenunua ingine.

Sasa mimi nisingejisumbua na kartushi nyingi kama si mayestro wa kwaya yetu. Yeye iko na kinanda chenye MIDI, ile njia ya kutumia kompyuta noti zenye unapiga, kila mazoezi anatunga kitu kizuri halafu wiki yenye kufuata hakumbuki tena. Njo akaniuliza, "Peti, ile machine ya baba yako haiwezi kuandika vile minapiga?" Nikamwambia, "Inaweza, yaya, paka unipe muda." Ile jibu ilitoka haraka juu kartushi ya MIDI ya Datel ilikuwa tayari kwenye sanduku la baba mkubwa. Na kwa kuwa 64 KB hazitoshi kuweka wimbo mrefu na programu na kila kitu, nilitaka niweke pia REU, ile kartushi ya kuongeza memori, yangu ni 1764 yenye 256 KB. Na juu drivu ya 1541 inatembea pole sana, baiti kama 400 hivi kwa sekunde, nilitaka na Final Cartridge III ibaki mule mule ili programu zifunguke haraka. Tatu kwa mara moja. Binamu yangu wa Brussels akanitumia bodi ya sloti nne.

Kwanza niseme vile hii mashine inapanga vitu, juu bila kuelewa hapo utakuwa unabadilisha sloti kama mtu anabahatisha namba za loto. Prosesa ya 6510 inaona adresi 65,536, hazizidi. Ndani ya hizo Commodore walitengea kartushi vipande vichache tu. Kuna ROML, pahali pa ROM (memori ya kusoma tu) ya kartushi, yaani $8000 mpaka $9FFF; ile $ ni alama ya namba za heksadesimali. Kuna ROMH, yenye inaweza kuonekana $A000 ao $E000 kulingana na hali ya mashine. Halafu kuna vidirisha viwili vidogo vya baiti 256 kila kimoja, IO1 kwenye $DE00 na IO2 kwenye $DF00. Basi. Hakuna nafasi ingine. Watengenezaji wa kila nchi, kila mutu na kampuni yake, wote waliweka vitu vyao ndani ya vile vidirisha viwili, na wengi walichukua kidirisha chote hata kama kitu chao kinahitaji baiti nne tu. Ni kama avenue yenye parsele tano zimepewa namba moja, ukituma mtoto na barua hujui nani atafungua.

Tuchukue zangu. REU inatumia $DF00 mpaka $DF0A, rejista 11 (vinafasi vyenye prosesa inaandikia amri), lakini haichunguzi adresi yote, kwa hiyo zile rejista zinajirudia kila baiti 32 mpaka zinajaza IO2 nzima. Final Cartridge III iko na rejista yake kwenye $DFFF, na si hiyo tu, inaonyesha kipande cha ROM yake ndani ya IO1 na IO2 zote mbili, na programu yake inatembelea hapo hapo. MIDI ya Datel inakaa $DE04 mpaka $DE07. Ukiandika hivyo kwenye karatasi unaona wazi: ile Final Cartridge inagombana na REU kwenye IO2 na inagombana na MIDI kwenye IO1. Yeye peke yake njo mgomvi. REU na MIDI hazina shida kati yao, moja iko DF, ingine DE.

Hiyo karatasi ndogo imenisaidia kuliko bodi yenyewe. Kabla ya kuchomeka kitu chochote ninaandika: inatumia IO1? IO2? ROML? Inashika EXROM ao GAME? Inatuma IRQ ao NMI, zile waya za kukatiza prosesa? Inatumia DMA, yaani inahamisha data yenyewe bila prosesa? Mistari sita, dakika kidogo.

Hizi EXROM na GAME ziko na hadithi yao, na hapo watu wengi wanapotea. Ni waya mbili zenye kartushi inavuta chini ili kuambia mashine "mimi niko hapa, na niko wa aina hii." EXROM peke yake ikiwa chini, mashine inaelewa kartushi ya 8 KB. Zote mbili chini, 16 KB, na BASIC, ile lugha ya programu ya mashine, inafichwa. GAME peke yake chini, hiyo ni hali ya Ultimax, yenye karibu memori yote inapotea na ROMH inakuja $E000 pahali pa Kernal, ile programu ya msingi ya mashine. Sasa fikiria uko na kartushi mbili kwenye bodi, moja inavuta EXROM, ya pili inavuta GAME. Kila moja peke yake iko sawa. Pamoja zinatengeneza hali ya 16 KB yenye hakuna hata moja iliiomba! Njo maana zile kartushi zenye kitufe cha kugandisha gemu zinaanguka ukiziweka pamoja na kartushi ya kawaida ya 8 KB: ukibonyeza kitufe inataka Ultimax, lakini jirani yake bado ameshika EXROM chini, mashine inapata kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo ukichagua bodi, tafuta yenye swichi kwa kila waya, si swichi moja ya kuwasha na kuzima sloti. Kuna bodi zenye swichi inakata umeme wa 5V peke yake, na kartushi yenye imekatwa 5V bado imeungwa kwenye waya za data, inazivuta chini kupitia chipu zake, inakuwa mzigo kwa wengine. Bodi ya binamu iko na swichi nne ndogo kila sloti: EXROM, GAME, IO1 na IO2. Hiyo njo inafaa. (ROML na ROMH ingekuwa vizuri nazo, lakini mutu hakatai zawadi.)

Kupima kama kidirisha kiko na mutu ndani ao kiko wazi, hauhitaji chombo cha bei. BASIC inatosha. Andika PRINT PEEK(56832) mara kadhaa, hiyo ni $DE00, halafu PRINT PEEK(57088), hiyo ni $DF00. Kama hakuna chipu inajibu, namba zitakuwa zinabadilika ovyo, juu prosesa inasoma mabaki ya kitu chenye chipu ya video ilikuwa inasoma sasa hivi. Kama namba inasimama pahali pamoja, kuna mutu ndani. Kwa MIDI yangu ninafanya hivi: POKE 56836,3 kuianzisha upya, POKE 56836,22 kuipa mipangilio, halafu PRINT PEEK(56838). Lazima ijibu 2, maana yake "niko tayari kutuma." Ikiwa peke yake ilinijibu 2 kila mara. Nikawasha IO1 ya sloti ya Final Cartridge, ile 2 ikapotea, ikaja namba ingine kabisa, kwa sababu chipu mbili zilikuwa zinavutana kwenye waya nane zilezile. Nilizima haraka. Chipu za TTL zinavumilia mvutano kidogo, lakini hazikuumbwa kwa hiyo, na kwa hapa kupata ingine lazima ungoje mutu anatoka Ulaya.

Kuna na dalili ingine ya bure: mashine ikiwaka safi inaandika 38911 BASIC BYTES FREE. Ukiona 30719, ujue kuna kitu kinajibu $8000 hata kama hakijionyeshi, maana mashine imehesabu memori ikakuta mlango umefungwa hapo. Na ikiwa ndani ya $8004 inakuta herufi CBM80, haingoji hata kuhesabu, inaruka moja kwa moja kwenye programu ya kartushi. Kartushi mbili zenye CBM80 zote mbili kwenye ROML, ni bure, haitawaka vizuri hata ukiomba.

Sasa dawa. Kwa muda nilikuwa ninatafuta namna ya kukatia Final Cartridge waya za IO ili ikae kimya wakati REU inafanya kazi, lakini ukiikatia IO2 haisikii tena rejista yake, na ukiikatia IO1 programu yake inakosa pahali pa kukanyaga. Haigawanyiki. Njo nikafikiri vingine: hii kartushi ninaitakia nini? Kufungua vitu haraka, basi. Na kufungua haraka kunaweza kukaa pahali pengine penye si porti ya nyuma. JiffyDOS, programu ya kuharakisha drivu, inabadilisha chipu ya Kernal ndani ya mashine na ROM ndani ya drivu, inaongeza mwendo sana, na haigusi IO1 wala IO2 wala EXROM wala GAME. Unapoteza kaseti, ni kweli, programu ya kaseti njo ilitolewa ili kupata nafasi, lakini nani hapa iko na kaseti ya Commodore leo.

Kwangu Kernal ilikuwa imechomelewa moja kwa moja, haina soketi. Nilipeleka kwa fundi mumoja wa Kamalondo mwenye anatengeneza ampli, mkono wake uko mwepesi, akanyonya risasi mguu kwa mguu, miguu 24, bila kung'oa hata njia moja ya bodi. Akaweka soketi. EPROM (chipu ya ROM yenye unaweza kuandika mwenyewe) ya kawaida ya 27C64 iko na miguu 28, kwa hiyo inahitaji kibodi kidogo cha kati cha kupunguza. Na muangalie vizuri mashine yenu kwanza, zile Commodore 64 za mwisho BASIC na Kernal ziko ndani ya chipu moja ya 16 KB, hapo kazi ni ingine.

Baada ya hapo ramani ikawa nyepesi: MIDI kwenye DE, REU kwenye DF, hakuna anayegusa EXROM ao GAME. Sloti ya REU niliiweka ya karibu zaidi na mashine juu yenyewe inatumia DMA, inasimamisha prosesa na kushika waya za adresi mwenyewe, haipendi njia ndefu. Na kama bodi yenu iko na chipu za 74LS245 za kuongezea waya nguvu, muulize kama zinageuza upande wakati wa DMA. Kama hazigeuzi, REU itasema na hakuna atakayesikia.

Lakini bado ilikuwa inaanguka. Si mara moja, baada ya kupata moto. Hapo nikachukua multimita, nikaweka ncha nyeusi kwenye masi (volti sifuri) na nyekundu kwenye mguu wa 5V wa sloti ya mwisho kabisa: 4.68. Chipu hizi zinataka 4.75 mpaka 5.25. Kwenye sloti ya kwanza ilikuwa 4.81, kwa hiyo volti zingine zilikuwa zinapotelea njiani, kwenye njia nyembamba za bodi. Transfo ya asili ya Commodore inatoa kama ampea 1.5 tu kwenye 5V, na wenyewe Commodore walijua haitoshi, 1764 ilikuwa inauzwa pamoja na transfo kubwa zaidi. Zaidi ya hayo zile transfo za zamani zimejazwa gundi ngumu ndani, hazifunguki, na zikizeeka zinaweza kupandisha 5V juu mpaka chipu za memori zinaungua. Ongeza na kuranti yetu ya hapa yenye inapanda na kushuka vile inataka, unaelewa mwenyewe.

Fundi wa ampli alitengeneza ingine: alimentasio mpya ya 5V ampea 3, na transfo ndogo ya kando kwa ile 9V ya AC. Halafu tukapitisha waya mnene wa 5V na mwingine wa masi kutoka kwenye ile ile alimentasio mpaka mwisho wa bodi. Chanzo ni kimoja, hapana viwili, hiyo ni muhimu. Sloti ya mwisho sasa inasoma 4.97. Nikasafisha pia midomo ya kartushi na gome ya kufutia penseli halafu alkoli, vumbi ilitoka nyekundu kama ya barabara ya Kasumbalesa.

Nilidhani tumemaliza. Adresi ziko safi, umeme uko safi, mayestro akaleta kinanda, akapiga, na noti zingine zikakosekana. Zingine zilibaki zinalia bila kuisha, juu habari ya "achilia" haikufika. Hii njo sehemu yenye sijaona watu wanazungumza sana: kartushi mbili zinaweza kukaa adresi tofauti na bado zigombane kwa muda. MIDI inatembea biti 31,250 kwa sekunde, baiti moja inachukua biti 10, kwa hiyo kila mikrosekunde 320 baiti mpya inaweza kufika. Chipu ya 6850 yenye inapokea MIDI ndani ya kartushi inashika baiti moja tu wakati ya pili inaingia. Na REU ikihamisha data, prosesa imesimama kabisa, haisikii mutu. Inahamisha karibu baiti moja kwa mikrosekunde. Programu yangu ilikuwa inamwaga 8 KB kwa mara moja, hiyo ni zaidi ya milisekunde 8, yaani nafasi ya baiti kama 25 za MIDI kupita na kuanguka chini.

Nikabadilisha iwe inamwaga baiti 128 kwa mara moja halafu inaachia prosesa ipumue, isome MIDI, halafu 128 zingine. REU haina shida na hiyo, haichoki. Noti zote zikarudi. Mayestro alipiga ile ya kuingilia misa yote mpaka mwisho, mashine ikamrudishia, akakaa kimya kidogo halafu akasema, "Ah, kumbe mi njo ninakimbiza ile ya katikati hivyo?" Kwa miaka alikuwa analaumu mpiga ngoma.

Final Cartridge sikuitupa. Iko sloti ya nne, swichi zake zote zimekatwa, na siku watoto wanataka magemu ninazima mashine, ninatoa REU na MIDI, ndipo ninaiwashia zake. Kuzima kwanza ni lazima, usiguse kartushi ao swichi za IO wakati iko na kuranti.

Kuna rafiki yuko na mashine za MSX za Philips, aina ingine ya kompyuta za ile miaka, yeye anacheka tu akisikia haya yote. Kwa MSX kila sloti iko na nafasi yake kamili ya 64 KB na mashine yenyewe inachagua inaongea na nani, sloti nne za msingi, kila moja inaweza kugawanywa nne, jumla 16. Lakini hata yeye porti za I/O ni za wote, akiweka kartushi mbili za muziki zenye porti zilezile, anarudi kwetu huku.

Sasa mayestro anataka sauti ya pili, yaani SID (chipu ya sauti ya mashine) ya pili, na mahali palipobaki ni ndani ya IO1, kando ya MIDI. Inawezekana. SID iko na rejista 29, inaingia kwenye baiti 32. Chipu moja ya 74LS138, yenye kazi yake ni kugawanya adresi, ikisoma waya A5, A6 na A7 inakata IO1 vipande nane vya 32: MIDI ibaki kwenye kipande cha $DE00, SID iende $DE20, mradi ile waya ya IO1 yenye inaingia kwa MIDI nayo ipitie kwenye 138 kwanza, sivyo inaweza kujibu hata kwenye vipande vingine. Shida ni umeme: porti ya kartushi inatoa 5V tu na SID ya 8580 inataka 9V ya DC, kwa hiyo itabidi niitoe kwenye ile 9V ya AC ya user port, ile porti ingine ya nyuma, na diodi na kondensateri kubwa na regulateri. Diodi na kondensateri ziko kwa fundi. Ile 138 ninangojea binamu.